Mguu ni Wetu, Raba ni ya Nani? Historia Fupi ya Kiatu cha Kaboni

Wasee, wacha tuanze na bei. Nike ilipoingiza Vaporfly 4% madukani Julai 2017, jozi moja iliuzwa dola 250. Kwa hesabu ya wakati huo hiyo ni kama elfu 25 za Kenya. Kuna watu hapa Nairobi hiyo ndiyo kodi yao ya miezi mitatu. Miaka sita baadaye, Septemba 2023, Adidas nayo ikatoa Adizero Adios Pro Evo 1 kwa dola 500, zaidi ya elfu 70. Na kampuni yenyewe ikasema wazi kwamba kimetengenezwa kwa marathoni moja tu, pamoja na muda kidogo wa kukizoea. Marathoni moja, halafu kwaheri.

Na bado, kila msimu wa mbio za Nairobi ukikaribia, kwa kikundi chetu cha Jumamosi swali ni lile lile: "Si ninunue tu ya kaboni nimalize hii maneno?" Kuna wanaoapa kwamba bila bamba la kaboni huwezi kwenda popote. Kuna wanaosema ni ulaghai uliopakwa rangi. Halafu kuna wale wa "babu zetu walikimbia pekupeku na wakashinda", ambao hawakosi kwa mjadala wowote.

Mimi naona wote watatu wanakosa kitu kimoja: historia. Hiki kiatu hakikudondoka kutoka mbinguni. Kina miaka yake, watu wake, walioumizwa nacho na waliotajirika nacho. Na wengi wa hao watu wametoka hapa kwetu. Ukiijua hiyo historia, swali lako litabadilika. Utaacha kuuliza ni kiatu gani chenye kasi, uanze kuuliza ni kiatu gani kinakufaa wewe.

Ile hadithi ya miguu mitupu

Tuanze na wale wa pekupeku, kwa sababu hadithi yao ni tamu na ina ukweli nusu.

Mwaka 1954 Kenya ikiwa bado chini ya Mwingereza, na sheria ya hali ya hatari ikiwa imewashika watu koo, wakimbiaji wawili walipelekwa London kushindana uwanja wa White City: Lazaro Chepkwony na Nyantika Maiyoro. Walikimbia bila viatu. Chepkwony aliingia mbio za maili 6, akawasumbua Waingereza kwa kubadilisha kasi kila mara, lakini akaumia na hakumaliza. Maiyoro akaingia maili 3 na kumaliza wa tatu, nyuma ya Fred Green na Chris Chataway, ambao siku hiyo hiyo walivunja rekodi ya dunia. Huko nyuma walizoea kudhani Mwafrika hawezi mbio ndefu. Baada ya wikendi hiyo dhana hiyo ilianza kupata shida.

Halafu ikaja Roma 1960. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa pekupeku, kwa saa 2:15:16. Hiyo picha mnaijua wote. Ndiyo inayowekwa kila mahali mtu akitaka kusema kwamba kiatu si kitu.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, Bikila alirudi akiwa na viatu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache tu kabla ya mbio. Akashinda tena, kwa saa 2:12:11, zaidi ya dakika 3 chini ya ule muda wa Roma. Yule bingwa wa miguu mitupu, alipopata kiatu kilichomfaa, alikivaa.

Kwa hivyo tukiwasifu wazee kwa kukimbia pekupeku, tuwasifu kwa mapafu na moyo wao. Kukosa kiatu tusikugeuze kuwa falsafa. Wengi hawakuchagua.

Miaka ya soli nyembamba

Kwa miongo mingi baada ya hapo, kiatu cha mashindano kilikuwa na sheria moja: kiwe chepesi. Wataalamu walipima wakaona kwamba ukiongeza gramu 100 kwa kila kiatu, mwili unatumia nguvu zaidi kwa karibu asilimia 1. Na njia rahisi ya kupunguza uzito ilikuwa kukata soli. Viatu vikawa vyembamba kama chapati. Ukikanyaga kokoto, unaijua kwa jina.

Hivyo ndivyo vizazi vya mabingwa wetu vilikimbia. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia Berlin 2003, saa 2:04:55. Sammy Wanjiru akaleta dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, saa 2:06:32, ndani ya joto ambalo wengi walisema halimruhusu mtu kukimbia hivyo. Hakuna kaboni ya kisasa hapo. Ni mguu, lami, na soli ambayo leo ungeiona ungecheka.

Wazo la kuweka bamba gumu ndani ya kiatu lilikuwepo tayari. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, walichapisha matokeo kwamba soli ngumu zaidi inaweza kumpunguzia mkimbiaji matumizi ya nguvu kwa karibu asilimia 1. Lakini wazo likakaa tu. Kilichokosekana kilikuwa povu la kuandamana nalo.

Povu ndilo lililoanza kubadilika. Kwa miaka mingi soli zilitengenezwa kwa EVA, ile foamu ya kawaida unayoipata hata kwa ndala za bei nafuu. Mwaka 2013 Adidas ikaleta povu la Boost, linaloruka zaidi. Mwaka uliofuata Dennis Kimetto, akiwa amevaa Adios Boost, akawa mtu wa kwanza kukimbia marathoni rasmi chini ya saa 2:03. Alimaliza kwa saa 2:02:57, Berlin.

Halafu mambo yakageuka

Berlin 2015, Eliud Kipchoge alikimbia na kiatu cha majaribio cha Nike. Mapema tu kwenye mbio, vitambaa vya ndani vikaanza kutoka na kupepea kando ya visigino vyake kama masikio ya mbuzi. Alikimbia hivyo hivyo hadi mwisho, miguu ikiwa na malengelenge, akashinda kwa saa 2:04:00. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya mbio bora zake zote, na siku hiyo kiatu kilikuwa adui yake.

Mwaka uliofuata, Rio 2016, Kipchoge alipata dhahabu, Feyisa Lilesa wa Ethiopia fedha, na Galen Rupp wa Marekani shaba. Baadaye ilijulikana kwamba wote watatu walikuwa wamevaa viatu vya majaribio vya Nike vyenye bamba la kaboni na povu jipya, ambavyo wewe na mimi hatungeweza kuvinunua popote.

Fikiria hapo kidogo. Februari mwaka huo huo, kwenye mchujo wa Marekani, Kara Goucher alimaliza wa nne, na watatu tu ndio walioenda Rio. Wawili kati ya waliomtangulia, Amy Cragg na Shalane Flanagan, walikuwa na vile viatu vya majaribio. Goucher alikuwa na mdhamini mwingine. Je, angewashinda? Hakuna anayejua, na hiyo ndiyo sumu yenyewe. Mbio ikiisha na hujui kama ulishindwa na mtu au na maabara, kuna kitu kimeibiwa.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Tarehe 6 Mei 2017, Monza nchini Italia, Kipchoge alijaribu kukimbia chini ya saa 2 akakosa kwa sekunde 25 tu. Oktoba 12, 2019, Vienna, akaivunja: 1:59:40. Muda huo haukuhesabiwa kama rekodi kwa sababu ya mpangilio wa mbio, ukiwemo ule wa wasaidizi kuingia na kutoka. Kesho yake, Chicago, Brigid Kosgei akakimbia saa 2:14:04 na kuvunja rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imekaa miaka 16. Siku mbili, Wakenya wawili, na dunia nzima ikaanza kuangalia miguuni mwao badala ya nyuso zao.

Ndani ya kiatu kuna nini?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hivyo nitaenda polepole.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapima wakimbiaji 18 wakitumia kiatu kipya cha Nike na vingine viwili vya kawaida vya mashindano. Kwa wastani kile kipya kilipunguza nguvu iliyotumika kwa asilimia 4. Ndiyo maana kikaitwa 4%. Lakini angalia namba nyingine kwenye utafiti huo huo: povu jipya lilirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyolibonyeza, Boost ikarudisha karibu 76, na EVA karibu 66.

Unaona mchezo? Povu hilo jipya, linalotengenezwa kwa Pebax, ni jepesi sana, kwa hivyo wangeweza kulirundika nene bila kuongeza uzito. Soli ikawa ndefu kama tofali la keki. Lakini povu laini na nene linayumba. Bamba la kaboni, lililopindwa kidogo kama kijiko, linasaidia kulituliza na kuzuia vidole visikunjike kupita kiasi.

Baadaye watafiti wengine wakachukua msumeno wakakata lile bamba ndani ya Vaporfly ili lisiwe gumu tena, kisha wakawapima wakimbiaji upya. Tofauti ilikuwa ndogo mno, karibu nusu asilimia. Kwa maneno mengine, hilo jina "kiatu cha kaboni" linatudanganya kidogo. Kazi kubwa inafanywa na povu. Kwa hivyo ukiona raba sokoni imeandikwa kaboni ubavuni lakini povu lake ni lile gumu la kawaida, umenunua ubao.

Sheria zinakuja zikihema

Januari 31, 2020, Shirikisho la Riadha Duniani likatoa masharti: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, bamba liwe moja tu, na kiatu kiwe kimeuzwa kwa umma kwa angalau miezi minne kabla ya kutumika kwenye mashindano. Sharti hilo la mwisho lililegezwa baadaye kuruhusu viatu vya majaribio kwa muda maalum.

Sheria hizo zina meno. Septemba 2021, Vienna, Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka utepe wa kwanza, akafurahia ushindi wake, halafu akaambiwa soli yake ilikuwa ya sentimita 5 badala ya 4. Alikuwa ameandikisha kiatu kimoja akavaa kingine. Ushindi ukapewa Leonard Langat wa Kenya. Sentimita moja!

Wengine wanasema sheria zilichelewa, na mimi nakubaliana nao. Kati ya 2016 na kampuni nyingine kufikia kiwango hicho ilipita miaka kadhaa. Kwa mwanariadha ambaye kipindi chake cha kung'ara ni miaka mitano au sita hivi, hiyo ni nusu ya maisha yake ya kazi. Mkenya aliyekuwa na mkataba na kampuni iliyobaki nyuma alikuwa na chaguo mbili: avunje mkataba au akubali kukimbia akiwa na deni mguuni. Na yule asiye na mkataba wowote hakuwa hata na hayo machaguo.

Kijana wa viatu vya kuazima

Kama kuna mtu mmoja anayebeba historia hii yote, kwangu ni Kelvin Kiptum.

Mwaka 2018, kwenye mojawapo ya mashindano yake makubwa ya kwanza hapa nyumbani, kijana huyu wa Elgeyo Marakwet alikimbia na viatu vya kuazima kwa sababu hakuwa na pesa za kununua vyake. Desemba 2022 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Valencia, saa 2:01:53. Aprili 2023 London, 2:01:25. Oktoba 8, 2023, Chicago, akiwa na kiatu kipya kabisa cha Nike ambacho kilikuwa hakijafika madukani, akakimbia saa 2:00:35. Rekodi ya dunia. Miezi minne baadaye, Februari 2024, ajali ya barabarani ikamchukua akiwa na miaka 24.

Watu walisema "ni kiatu". Manze, hapana. Kiatu hicho kingekuwa kwa mguu wangu, ningekuwa bado niko Chicago natafuta basi. Wote waliokuwa mbele kwenye mbio hizo walikuwa na viatu vya kisasa. Viatu vimeharibu jambo moja la kweli: huwezi tena kulinganisha Tergat wa 2003 na Kiptum wa 2023 kwa kuangalia saa pekee. Lakini kati ya watu waliosimama mstari mmoja siku moja, bado mguu ndio unaoamua.

Swali linalonisumbua mimi ni lingine. Kiptum alipata mtu wa kumwazima. Ni wangapi hawakupata? Sisi hutuma mguu nje, halafu tunanunua raba kutoka nje kwa bei ya dola, raba ambayo imeuzwa kwa picha ya huo huo mguu wetu. Ndiyo maana nilifurahi kuona Enda, kampuni ya Kenya, ikichangisha pesa mtandaoni mwaka 2016 ili kutengeneza raba ya mbio yenye jina letu. Kiatu chao cha kwanza waliita Iten. Hakikuwa na kaboni na hakikuvunja rekodi yoyote ya dunia, lakini kiliuliza swali sahihi: kwa nini sisi tuwe tangazo tu?

Sasa, wewe unachagua vipi?

Hapa nataka unisikie vizuri, hasa kama unakimbia marathoni ya kwanza.

Kwanza, kuna utafiti wa 2023 uliowapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia wakivaa viatu hivi vya kisasa na kuvilinganisha na kiatu chembamba. Matokeo? Kuna vipimo vilivyoonyesha faida ya hadi asilimia 11.4, na vingine vikaonyesha hasara ya hadi asilimia 11.3. Hao ni mabingwa, watu wa nusu marathoni chini ya saa moja. Kiatu kinachombeba mmoja kinamzuia mwingine. Kwa hivyo habari ya "fulani alivaa hii akashinda" haikuhusu wewe hata kidogo.

Pili, kasi. Faida ya asilimia 4 ilipimwa kwa watu wenye kasi. Watafiti walipojaribu kwa kilomita 12 kwa saa, faida ilishuka hadi karibu asilimia 1.4, na kwa kilomita 10 kwa saa ikawa chini ya 1. Kilomita 10 kwa saa ni marathoni ya saa 4 na dakika 13. Kama hapo ndipo ulipo, hizo elfu nyingi zitakununulia dakika chache tu. Mazoezi ya miezi mitatu yatakupa zaidi, na hayana bei.

Tatu, mwili. Mwaka 2023 madaktari waliripoti wakimbiaji watano waliopata ufa kwenye mfupa wa katikati ya mguu wakiwa wanatumia viatu vya kaboni. Watano ni wachache na hawathibitishi kwamba kiatu ndicho kilichosababisha, lakini inatosha kuwa onyo. Kiatu kinahamisha kazi kutoka sehemu moja ya mguu kwenda nyingine. Usikivae kila siku. Fanya mazoezi yako na raba ya kawaida, kiache cha kaboni kwa mbio na kwa mazoezi machache ya kasi.

Nne, barabara zetu. Soli ndefu na laini inapenda lami iliyonyooka. Ukikata kona kali, ukiruka shimo au ukipita penye mchanga, kifundo kinayumba. Kijaribu kwanza kwa umbali mrefu, angalau kilomita 20, kabla ya siku yenyewe. Ukianza kuumwa shavu la mguu au unyayo kwa namna usiyoizoea, hicho si chako hata kama kimeshinda Berlin mara tano.

Tano, mitumba na feki. Najua tunapenda kuwinda, hata mimi. Lakini povu huchoka kabla ya uso wa kiatu kuchakaa. Raba inaweza kuonekana safi kabisa na ikawa imekufa ndani. Libonyeze povu kwa kidole gumba: likiwa na mikunjo mingi ubavuni na halirudi haraka, acha. Na ukipewa Alphafly "mpya" kwa elfu tatu, rafiki yangu, hapo unajua mwenyewe.

Kama una pesa, kasi yako ni nzuri na umekijaribu kikakubali, nunua bila aibu. Bikila mwenyewe alivaa. Kama huna, usiogope kusimama kwenye mstari na raba yako ya kawaida inayokutosha vizuri, soli bado hai, kamba zimefungwa. Tergat alikimbia saa 2:04 na kiatu ambacho leo wangekiita cha kutembelea.

Nisichotaka ni mtoto wa Iten, au wa Dandora, aache mbio kwa sababu ameambiwa bila elfu 30 hakuna marathoni. Huo ndio uongo mkubwa kuliko yote ambayo kiatu hiki kimeleta, na sisi tunaokimbia kwa kujifurahisha ndio tunaousambaza kila tunapopiga picha ya raba kabla ya kupiga picha ya barabara. Mwenye jozi mbili aazime moja. Historia yetu inaonyesha hujui unamwazima nani.